Michezo ya maneno safarini: namna ya kuwashughulisha watoto ndani ya gari bila skrini

0. Utangulizi

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni mwendo wa kilomita zipatazo 300. Mtu mzima huupima mwendo huo kwa vituo vyake: daraja la Lufira, Likasi, Fungurume, mto Lualaba, kisha Kolwezi yenyewe. Mtoto hapimi hivyo. Kwake safari ina vipindi viwili tu: kipindi cha kuondoka, ambacho ni cha furaha, na kipindi cha kuuliza "Tumefika?", ambacho hakina mwisho.

Siku hizi wazazi wengi wamepata dawa ya swali hilo. Mama hutoa simu mkobani, humkabidhi mtoto, na kimya huingia garini. Dawa hiyo hufanya kazi upesi, na hakuna haja ya kumlaumu mzazi aliyechoka. Lakini kimya hicho kina gharama yake. Mtoto wa mjini hushinda shuleni katika Kifaransa. Arudipo nyumbani, wazazi bado wako kazini au sokoni. Usiku kila mtu ana shughuli zake. Saa ambazo baba, mama, bibi na watoto huketi pamoja, bila wa kutoka wala wa kuingia, ni chache mno. Gari liendalo safari ndefu ni mojawapo ya mahali ambapo saa hizo bado zinapatikana. Zikitolewa kwa simu, lugha ya nyumbani hupoteza darasa lake lisilo na ubao.

Makala haya yanakusudia kueleza michezo ya maneno inayofaa safarini, jinsi inavyochezwa, na sababu za kiisimu zinazokifanya Kiswahili kiwe lugha inayoifaa sana michezo hiyo. Mifano imechukuliwa katika barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi na katika Kiswahili kisemwacho na watoto wa huko, lakini mambo yenyewe yaweza kutumika katika barabara yoyote.

1. Sikio na jicho

Kabla ya kuitaja michezo yenyewe, yafaa kujua kwa nini mchezo wa maneno unafaa garini kuliko mchezo wa kutazama kitu kilicho mkononi. Sababu ya kwanza ni ya mwili. Sikio la ndani huhisi kila kona, kila mlima na kila shimo la barabara, na huupasha ubongo habari kwamba mwili unasogea. Macho yaliyokazwa juu ya kioo cha simu huupasha ubongo habari iliyo kinyume, yaani kwamba kila kitu kimetulia. Ubongo unapopokea habari mbili zinazopingana, mtoto huanza kutoka jasho, huona kichefuchefu, na mwishowe hutapika. Watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaopatwa zaidi na shida hiyo. Kitabu nacho, pamoja na heshima yake yote, kina kasoro ileile. Nafuu hupatikana mtoto anapotazama nje, mbali, mahali mbingu zinapokutana na nchi.

Sababu ya pili ni ya malezi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Mwongozo huo unashauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na kwamba mwenye miaka 2 hadi 4 asipitishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unasema kwamba, pale mtoto anapokuwa ameketi, linalofaa ni kusomewa na kusimuliwa hadithi na mlezi wake. Mwendo wa saa tano au sita garini unapita mbali kipimo hicho.

Sababu ya tatu ni ya barabara yenyewe. Mchezo wenye vipande vidogo haudumu juu ya mashimo. Anayefungua ubao wa kisolo katika kiti cha nyuma atakuwa akiokota mbegu chini ya viti mpaka Likasi. Neno halianguki chini ya kiti.

2. Kitendawili barabarani

Mchezo wa kwanza unajulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Kitendawili kina umbo thabiti: mtegaji huita "Kitendawili!", wengine huitikia "Tega!", fumbo hutajwa, watu hujaribu kulifumbua, na wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji. Hupewa mji mmoja; akiukubali, husimulia kwa maringo jinsi alivyofika huko, akala, akanywa, akasalimiwa na wakubwa; ndipo hutoa jibu. Akiukataa, hupewa mwingine.

Kila sehemu ya umbo hilo ina kazi garini. Mwito na itikio huwakusanya watoto waliotawanyika mawazo, wala halazimiki mtu kupaza sauti na kusema "Sikilizeni!". Fumbo huwanyamazisha kwa muda, kwa kuwa kila mmoja anafikiri. Lakini sehemu iliyo na faida kubwa safarini ni ile ya mji. Yafaa iwepo kanuni moja: mji unaotolewa uwe katika njia inayosafiriwa. Watoto wakisema "Twakupa Fungurume", mtegaji atalazimika kueleza alichokiona Fungurume. Na gari litakapofika huko kweli, watoto wenyewe watachungulia nje kuhakikisha kama mtegaji alisema kweli au alidanganya. Hivyo ramani ya nchi huingia kichwani bila kufundishwa.

Hata hivyo, akiba ya vitendawili vya zamani huisha upesi. Mtoto akishalijua lile fumbo la nyumba isiyo na mlango, ambalo jibu lake ni yai, hawezi kutegwa nalo tena. Hapo ndipo mchezo hasa huanza, maana watoto waweza kufundishwa kutunga. Fumbo la yai laweza kuwa kielelezo. Mtungaji amechagua kitu, akatafuta kitu kingine kinachofanana nacho (nyumba), kisha akaongeza jambo linalopingana na mfano huo (haina mlango). Kufanana na kupingana: hizo ndizo nguzo mbili za kitendawili. Mtoto wa miaka 7 huzielewa, na dirisha la gari humpa vitu vya kutungia.

Ichukuliwe barabara ya Likasi. Kando yake, katika pori la miombo, vimesimama vichuguu vikubwa, vingine vikipita mita 5 kwa urefu. Udongo wake ndio mafundi huchomea matofali. Mtoto aweza kutunga: "Bibi mnene amesimama porini, hana miguu wala macho, na tumbo lake limejaa wafanyakazi." Wanapita wanaume wanaosukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makaa, yaani makala, kama yaitwavyo Lubumbashi. Mtoto mwingine atatunga: "Ana miguu miwili ya duara, amebeba msitu uliokwisha kuungua." Malori ya shaba yanafuatana kuelekea mpaka wa Kasumbalesa: "Tembo wa chuma wanakwenda mpakani, wala hawanywi maji." Na barabara yenyewe: "Amelala tangu jana, kila apitaye humkanyaga, wala haamki."

Vitendawili vya namna hiyo havina ukamilifu wa vile vilivyosuguliwa na vizazi vingi. Lakini aliyetunga kitendawili kimoja amekwisha kufanya kazi ya mshairi, na hasahau kile alichokitungia.

3. Mnyororo wa silabi

Mchezo wa pili ni huu: mchezaji wa kwanza hutaja neno, na anayefuata hutaja neno linaloanza na silabi ya mwisho ya neno hilo. Gari – riziki – kitabu – buibui – imani – nidhamu, na kuendelea. Neno lililokwisha kutajwa halirudiwi, na anayekaa kimya hadi wenzake wahesabu kumi hutoka.

Kiswahili kimejaliwa kuufaa mchezo huu. Karibu kila silabi yake ni wazi, yaani huishia kwa irabu, na maneno yake nayo huishia kwa irabu. Kwa hiyo mwisho wa neno moja huweza kuwa mwanzo wa neno lingine bila kulazimisha. Katika Kifaransa, ambacho kina maneno mengi yanayoishia kwa konsonanti na maandishi yasiyolingana na matamshi, watoto hugombana iwapo wafuate sikio au wafuate herufi. Wajapani, ambao lugha yao pia ina silabi nyingi zilizo wazi, wana mchezo wa namna hiyo uitwao shiritori. Kwao atajaye neno linaloishia kwa sauti ya n ameshindwa, maana hakuna neno la Kijapani la kulifuatisha.

Mchezo ukiendelea, watoto hugundua wenyewe jambo ambalo wanafunzi wa isimu hujifunza darasani: silabi hazina utajiri sawa. Anayeachiwa ki hana shida, kwa kuwa ngeli nzima imefunguliwa mbele yake: kiti, kisu, kikombe, kijiko. Anayeachiwa mu ana mtihani. Maneno yanayoishia kwa mu ni mengi (elimu, kalamu, damu, mwalimu), lakini katika Kiswahili sanifu maneno yanayoanza na mu ni machache: muda, muhogo, muziki, mundu, Mungu, na mengine kadha. Sababu yake ni ya kihistoria. Kiambishi mu- cha kale kimepoteza irabu yake mbele ya konsonanti nyingi kikabaki m- peke yake, ambayo ni silabi kamili: m-toto, m-ti, m-lango.

Hapo ndipo mtoto wa Lubumbashi huinua kichwa. Katika Kiswahili chake irabu hiyo haikupotea. Husema mutoto, muti, mukono, mulango, muzigo. Silabi ambayo imemfunga mchezaji wa Kiswahili sanifu kwake ni mlango ulio wazi kabisa. Vivyo hivyo kwa silabi bi: pale ambapo kitabu cha sarufi kina vi- katika wingi, yeye ana bi-, na neno kama kabibi halimtishi, maana anayo biti, bitabu, na bijiko.

Je, maneno hayo yakubaliwe mchezoni? Swali hilo huzuka katika kila gari, na jibu lake lina uzito kuliko mchezo wenyewe.

4. Milango miwili, nyumba moja

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi kina historia yake, kilichotokana na kukutana kwa watu wa makabila mengi katika miji ya migodi, na kina kanuni zake. Wataalamu wamekichunguza kwa miaka mingi. Edgar Polomé alichapisha makala juu yake mwaka 1968. Lakini mtoto anayekisema hajui kwamba usemi wake umechunguzwa na wataalamu. Anachosikia ni kwamba amekosea. Mwalimu akiona mutoto katika daftari hupiga mstari mwekundu; mgeni kutoka pwani hucheka; hata baba yake, aliyesoma, humwambia, "Sema vizuri." Mtoto anayesahihishwa kila afunguapo kinywa hujifunza mapema kukifunga, au kukifungua katika Kifaransa peke yake.

Mchezo wa tatu hujibu hali hiyo. Waweza kuitwa mchezo wa milango miwili. Mkubwa hutaja neno na kuita "Kitabuni!", na mtoto hulijibu kwa umbo la vitabu:

Mutoto – mtoto.
Batoto – watoto.
Biti – viti.
Katoto – kitoto.
Tutoto – vitoto.
Balabala – barabara.

Baada ya zamu kadha, mchezo hugeuzwa. Sasa mtoto ndiye huita "Nyumbani!" na kutaja neno la kitabu, na mkubwa ndiye hulijibu kwa umbo la nyumbani. Ni lazima mchezo ugeuzwe. Ukichezwa upande mmoja tu, ni sahihisho la shuleni lililovishwa nguo ya sikukuu. Ukichezwa pande zote mbili, mtoto hutambua kwamba kila upande una utaratibu wake: hapa ba-, kule wa-, hapa bi-, kule vi-, hapa ka- na tu- kwa vitu vidogo, kule ki- na vi-. Mjomba aliyekulia mbali na Katanga na kujifunza Kiswahili vitabuni ataona taabu kujibu upande wa nyumbani, na mtoto wa miaka 8 atakuwa mwalimu wake mpaka Kolwezi.

Hivyo swali la mnyororo wa silabi hupata jibu lake. Neno la nyumbani na likubaliwe, kwa sharti moja: anayelitaja ataje pia pacha wake wa kitabuni. Asemaye mulango aongeze mlango, na mchezo uendelee na silabi ya mwisho, ambayo kwa bahati njema ni ileile. Hakuna aliyeaibishwa, na maneno mawili yamejulikana pale lilipojulikana moja.

5. Ulimi, kofi na kidole

Michezo mitatu midogo yafaa kutajwa kwa kifupi, hasa kwa watoto ambao hawawezi kutulia.

Wa kwanza ni wa vitanza ndimi, yaani sentensi ngumu kutamka zinazosemwa kwa haraka mara tatu bila kukosea. Watoto wanaobadilisha l na r bila kujijua hupata humo zoezi lisilochosha. Sentensi fupi yatosha: "Lori lilirarua lami, lami ikararua lori." Ina l na r za kutosha kumkwamisha hata mwalimu, na anayesafiri njia hiyo wakati wa masika atakubali kwamba ina ukweli pia.

Wa pili ni mchezo wa kofi. Mkubwa hutamka neno polepole, na watoto hupiga kofi katika silabi yenye mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: kwa kitabu kofi hupigwa katika ta. Likiongezwa -ni, mkazo huhama: kwa kitabuni kofi huangukia bu. Barabara na barabarani, nyumba na nyumbani, mlima na mlimani: kila mara kofi hukimbia hatua moja. Watoto hucheka wanapopiga mahali pa zamani. Neno lazima, ambalo wengi hulikazia silabi ya kwanza, lifaa kuwekwa kama mtego.

Wa tatu ni wa kuhesabu kwa kidole kupitia dirishani. Walio kushoto huhesabu vitu vya kushoto, na walio kulia vya kulia: malori, vichuguu, baiskeli, madaraja. Lakini hesabu yahitaji upatanisho sahihi, ama sivyo haihesabiwi: lori moja, malori mawili; kichuguu kimoja, vichuguu viwili; baiskeli moja, baiskeli mbili; mti mmoja, miti miwili. Mtoto atagundua kwamba baada ya tano hupumzika, kwa kuwa sita na saba hazibadiliki. Halafu nane humshtua tena, vichuguu vinane. Kisha tisa na kumi humwachia. Sarufi inayojaza ukurasa mzima wa kitabu hukaa kichwani kabla ya kufika Likasi.

6. Hadithi ya kupokezana na hadithi ya njia

Kadiri jua linavyoshuka, michezo ya macho huisha na wakati wa hadithi huingia. Namna inayofaa zaidi kwa gari lenye watoto wa rika mbalimbali ni hadithi ya kupokezana. Mkubwa huanza kwa kumweka mhusika mahali fulani: Sungura, ambaye wazee wengi wa Katanga humwita Kalulu, amesimama kando ya barabara akitafuta gari la kumpakia. Kila msafiri huongeza sentensi moja. Kanuni ya lugha ni kwamba kila tendo lichukue kiambishi -ka-, ambacho kazi yake ni kuunganisha tendo na tendo lililolitangulia: akasimamisha lori, akamdanganya dereva, akapanda juu ya magunia, akalala, akaamkia mpakani hana hata hati moja. Anayesahau -ka- humpa jirani zamu yake. Mtoto mdogo aweza kuongeza neno moja tu, "akalia", na hadithi yote itabidi ifuate kilio hicho.

Pamoja na hadithi ya kubuni ipo hadithi ya njia yenyewe, na hiyo humhitaji bibi, au kambo, kama watoto wa Lubumbashi wamwitavyo. Mtoto huona kibao kilichoandikwa Likasi. Bibi huijua Likasi iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, kama vile Lubumbashi ilivyoitwa Élisabethville. Mtoto huona daraja la Lufira kuwa daraja tu. Bibi aweza kueleza kwamba wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, kati ya mwaka 1960 na 1963, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa na wale wa Katanga waligombea njia hiyo. Mtoto hujua kwamba wanakwenda mkoa wa Lualaba. Baba yake alizaliwa katika mkoa mmoja wa Katanga, uliogawanywa kuwa mikoa minne mwaka 2015. Na wafikapo juu ya maji ya Lualaba, si vibaya kumwambia mtoto kwamba maji hayo yatapita Kongolo, Kindu na Kisangani, na kwamba huko Kisangani mto utachukua jina la nchi nzima na kuendelea hadi bahari ya Atlantiki.

Hadithi za aina hiyo hazipatikani ndani ya simu, ama zikipatikana hazina sauti ya mtu aliyekuwapo. Bibi akishushwa Kolwezi na kimya chake, safari imepoteza shehena kuliko lori lililopinduka.

7. Utaratibu wa mchezo

Mambo machache ya utaratibu yasiposhikwa, mchezo mzuri huharibu safari.

La kwanza, dereva si mchezaji. Asiulizwe kitendawili, asiombwe kuhukumu, wala asigeuzwe kichwa kuonyeshwa kichuguu. Mwamuzi awe mkubwa mwingine. Watoto wakae nyuma wamefungwa mikanda, na mchezo wowote unaomlazimu mtoto kusimama au kuhama kiti haufai.

La pili, umri uheshimiwe. Mtoto wa miaka 2 au 3 hatoshi kwa kitendawili. Humfaa wimbo, milio ya wanyama, na kutaja rangi za magari yapitayo. Mwenye miaka 4 hadi 6 huweza kuhesabu, kupiga kofi na kufumbua mafumbo mepesi. Kuanzia miaka 7, mnyororo wa silabi na utungaji wa vitendawili humwingia. Watoto wa umri tofauti wakiwa pamoja, mkubwa na mdogo wafanywe kundi moja, ili mkubwa asishindane na asiyeweza.

La tatu, mchezo uachwe kabla haujachosha. Ukiachwa ungali mtamu, watoto wataudai tena. Ukiburutwa mpaka mwisho, hawatautaka hata wakati wa kurudi. Mshindi asipewe pipi, ambayo huzusha ugomvi na kichefuchefu. Apewe haki ya kuchagua mchezo unaofuata.

La nne, kimya nacho ni haki ya mtoto. Anayetazama pori likipita dirishani hahitaji kuokolewa. Mara nyingi, baada ya robo saa ya kimya hicho, huuliza swali ambalo hakuna mchezo ungeweza kulizaa.

La mwisho, mkubwa akubali kushindwa kweli. Watoto hutambua mara moja mzazi anayewaachia ushindi, na humtambua vilevile yule ambaye amekwama kwa haki mbele ya silabi mu. Wa pili ndiye wanayempenda.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba safari ndefu yaweza kujazwa bila skrini, kwa kutumia mali ambayo kila jamaa inayo: kitendawili, silabi, ngeli, mkazo, kiambishi -ka-, na kumbukumbu ya wazee. Imeonyeshwa pia kwamba muundo wa Kiswahili, wenye silabi zilizo wazi na upatanisho ulio dhahiri, unaipa michezo hiyo ardhi yenye rutuba, na kwamba Kiswahili cha nyumbani cha mtoto si kizuizi cha mchezo bali ni sehemu ya mtaji wake.

Imebaki kazi ya wanafunzi na walimu wa isimu. Michezo ya maneno ichezwayo katika nyumba za Lubumbashi, Kisangani, Bukavu na Kalemie haifanani yote; kila mji una maneno yake ya kuitia na kuitikia, mafumbo yake, na namna yake ya kumwadhibu aliyeshindwa. Mwanafunzi arudiye kwao wakati wa likizo husafiri saa nyingi pamoja na watoto na wazee katika basi moja. Daftari na kalamu zingetosha. Aandike mwito kama ulivyoitwa na jibu kama lilivyojibiwa, pamoja na mutoto na batoto wake, bila kuyanyoosha maneno kwanza. Walioketi kando yake katika basi hilo ni wasemaji wa mwanzo na wa mwisho wa vitendawili ambavyo kesho, simu ikishatolewa mkobani, hakuna atakayeitikia "Tega".